Mbao Tatu za Delmar Vavra

Delmar Vavra wa Nebraska alikuwa bingwa wa mambo mawili: kukata nyasi za bwawa lake na kutosikia la mtu. Bwawa lenyewe lisikutishe. Lilikuwa tuta la udongo, kimo chake kama nyumba, alilolijenga baba yake kulizuia korongo la mmomonyoko lisizidi kulila shamba la mahindi. Likalizuia miaka sitini, na asante halikupewa.

Ubavuni mwa tuta baba mtu aliacha mfereji mpana wa nyasi, maji yakizidi yapite huko. "Maji ni mgeni," alizoea kusema. "Usipomwonyesha mlango, atatoka na ukuta." Delmar aliwahubiria watu wote maneno hayo, isipokuwa nafsi yake.

Maana mwaka ule binti yake Joleen, mkazi wa Denver, alisema kwenye simu kwamba huenda akawaleta watoto kuvua samaki. Huenda! Neno hilo tu likampandisha wazimu mzee wa miaka sabini na sita. Akamwaga kambale mia mbili bwawani. Kisha akaona maji hayatoshi kwa heshima ya wajukuu, akauziba mfereji kwa mbao tatu na magunia ya mchanga. Maji yakapanda futi mbili. Yakapendeza, tusimnyime haki yake.

Asubuhi, kwenye kahawa ya kituo cha mafuta, jirani yake Orville Kucera, mwenye shamba chini ya bwawa, hakumwacha.

"Vipi, nahodha? Meli inatia nanga lini?"

"Cheka tu. Hata mkia wa samaki hupati."

"Mimi sina haraka, watakuja wenyewe mpaka mlangoni kwangu. Toa mbao, Delmar!"

"Wajukuu wakishavua, nitazitoa."

"Wajukuu gani? Wale wa mwaka juzi, walioulizia intaneti wakaondoka hata pai haijakatwa?"

Delmar akainamia kikombe chake. Neno limemchoma. Orville akaona haya, akamsogezea sahani ya kolache, vile vimkate vya jamu.

Julai ikafika, wajukuu hawakufika. Iliyofika ni mvua, Alhamisi mchana, mvua ambayo mwaka ule haijaonekana mfano wake. Delmar akakimbilia mfereji na mtaimbo. Lakini wapi! Mbao zilikuwa zimebanwa na maji, na fundi, yaani yeye mwenyewe, alizikaza vizuri mno. Maji yakalipanda tuta, yakapita juu ya zile nyasi nadhifu, yakalipasua katikati. Kabla ya jioni korongo lilikuwa limemeza mahindi hatua thelathini, na bado lilikuwa na njaa.

Orville akaja na ndoo. Ndani yake mlikuwa na kambale mmoja aliyemwokota mlangoni kwake, na mzaha alikuwa ameuandaa njiani. Alipomkuta Delmar ameketi kwenye matope, akaumeza, akaketi naye.

Simu ikalia.

"Baba! Tunakuja Jumamosi! Watoto wamenunua ndoano, usingizi hawapati. Samaki wapo?"

Delmar akatazama ndani ya ndoo.

"Wapo," akasema. "Njooni, mwanangu."

Akakata simu, akamwomba Orville aongeze maji kwenye ndoo.