Mwanamuke wa Siku ya Kumi na Tano

Nyinyi vijana munaoamini kila karatasi munayoonyeshwa, kaeni chini. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa katekista, lakini hii naandika mwenyewe.

Wakati wa Wabelgiji, bwana yangu alikuwa mupishi kwa Muzungu mwenye shamba la pareto, juu ya Bihambwe. Yule Muzungu alikuwa na foto za kitabu cha zamani sana cha kwao, kilichoandikwa kwa mukono, maandishi ambayo hakuna muntu duniani alijua kuyasoma. Hata mapadri walishindwa. Yeye alisema picha njo zinasema. Zilikuwa miviringo, na ndani yake wanawake wadogo, kila mumoja ameshika nyota kwa kamba. Ile ni mbingu, alisema. Kila mwanamuke ni siku moja ya mwezi.

Bwana yangu alisikia hayo akimimina kahawa, akayaleta nyumbani. Mimi nilikuwa na mimba kubwa.

"Mwanamuke wa siku ya kumi na tano hana nyota," aliniambia. "Kamba yake iko mutupu. Mutoto wa siku ile hatabaki."

"Muzungu njo alisema vile?"

"Hapana. Nimeona mwenyewe."

Mama mukwe alicheka mpaka akaweka chini kikapo. "Mupishi anaunguza maharagwe, halafu anasoma mbingu! Mwana wangu, rudi kwa sufuria zako."

Yeye hakucheka. Tangu mwezi ulipoandama, kila asubuhi alichora alama moja ya makaa ukutani. Mimi nikipita pale na jembe, nilikuwa naangalia upande mwingine.

Uchungu ulinishika asubuhi ya alama ya kumi na tano. Maternite ya misioni, nyumba ya kuzalia, ilikuwa mwendo wa masaa ine kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa begani. Shemeji zangu wane walikuwa tayari wamekileta. Bwana yangu akasimama kwa mulango.

"Kesho. Jikaze, mama, jua lizame tu."

"Mutoto hajui kuhesabu mwezi!" mama mukwe akamupigia kelele. "Toka hapo!"

Hakutoka. Na mimi, niseme wazi, sikumusukuma. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Nikajikaza, nikauma kitenge muchana kutwa.

Jua lilipozama, mwezi ulitoka muzima, mwekundu kwa moshi wa volkano. Njo wakanibeba. Tulifika usiku wa manane, na mutoto akatoka bila kulia. Alikuwa mwanamume. Sista alisema kama tungefika muchana, angeishi.

Bwana yangu aliinama karibu na kitanda. "Unaona?" akaniambia polepole. "Kitabu kilisema kweli."

Niliporudi nyumbani, kabla ya kukaa, niliita wote, yeye wa kwanza, na neno langu halijabadilika mpaka leo: "Mwanamuke wa nyumba hii akishikwa na uchungu, mumubebe saa ile ile. Na hata muntu akisimama kwa mulango, mumupite juu."