Santuri za Marehemu Baba

Juzi mtangazaji wa redio aliniuliza muziki wa soul na house niliutoa wapi. Ukweli, niliutoa Songambele, kwenye kibanda nilikokuwa nanyoa watu nywele na kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi. Lakini DJ mzima nitaje kibanda? Nikasema kwa sauti ya huzuni, "Marehemu baba aliniachia santuri zake." Mtangazaji akanipa pole hewani, nami nikajiona bingwa.

Nilipowasha simu baada ya kipindi, nikakuta shangazi, dada yake baba, amenipigia mara kumi na moja. Nikampigia, hapokei. Baba naye hapokei. Nikapanda bodaboda mpaka nyumbani Ihanda. Uani watu wamejaa, mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani kama ilivyo kwenye msiba, na shangazi macho mekundu. Mungu wangu, nimemuua baba kwa mdomo!

Nikapenya. Baba alikuwa ameketi katikati yao, redio mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapa uwaambie wageni wangu nilikufa lini, na hizo santuri niliziacha wapi."