Nilipiga Window Kabla Mchunguzi Hajafika

Kabla hamjanitukana, ngoja nijitukane mwenyewe. Mimi ni mpumbavu! Mpumbavu mwenye ofisi, kiti cha kuzunguka na kalenda ukutani. Kosa ni langu, sina wa kumsukumia.

Jina langu mniachie. Nina kampuni ndogo hapa Miembeni, Bukoba. Tunanunua vanila mbichi kwa wakulima, wengi wao wa Muleba, tunaikausha, tunauza. Kama huijui vanila, mkulima huchavusha ua moja moja kwa kijiti, kwa mkono wake, halafu anasubiri miezi kama mjamzito. Na wezi nao wanasubiri. Wakijua tu kibanja gani, yaani shamba la nani, vanila imekomaa, kwisha habari yako.

Sasa sisi tulikuwa na orodha. Jina la mkulima, kitongoji, njia ya kufika kibanjani, wiki ya kuchuma. Yote kwenye kompyuta moja, na nywila yake tuliijua wawili tu, mimi na karani wangu. Nitamwita Zuhura. Binti wa Kiislamu wa hapa hapa mjini, sauti ya chini, kazi safi. Yeye aliniita Mama, nami nilimwita mwanangu.

Msimu huu, wiki moja kabla ya kuchuma, wakulima sita wa Kishanda, huko huko Muleba, waliamka wakakuta vanila yao yote imechumwa. Sita, jamani! Na majirani zao wasiokuwa kwenye orodha yetu hawakuguswa hata ganda moja.

Wakaja ofisini. Mzee wao, Ta Rwegasira, hakupiga kelele. Alikaa, akaweka kofia magotini.

"Waitu, ndugu zangu, wamepita nyuma, kwenye kijia cha mtoni," akasema. "Kile kijia nilikielekeza kwenu tu."

Hapo nikalipuka. Nikamgeukia Zuhura mbele ya watu wote, nikamwambia, "Ni wewe! Nani mwingine?" Sikuuliza, sikufikiri. Mawe, mama yangu wee! Mdomo huu utanizika siku moja.

Zuhura hakulia. Alisema, "Mama, leta mtaalamu. Aipekue kompyuta, aipekue na simu yangu. Nakuomba kitu kimoja tu, mtu asiiguse mpaka afike."

Nikampata mchunguzi wa Mwanza, wale wanaopekua kompyuta za biashara zilizoingiliwa. Kwenye simu akanipa masharti. Usiizime. Usifute kitu. Chomoa waya wa intaneti, funga mlango, nakuja Jumatatu. Nikamjibu sawa, tena kwa sauti ya mtu mwenye akili.

Jumamosi nikiwa naosha vyombo, nikakumbuka. Wiki mbili nyuma nilipata ujumbe kwenye kompyuta ile, eti kutoka kwa mnunuzi wetu, "bei mpya za msimu". Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi. Nikafunga, nikanyamaza. Zuhura alikuwa ameniambia mara ngapi nisifungue vitu vya namna hiyo? Mara mia!

Nikaacha vyombo kwenye maji ya sabuni. Itakuwaje akikuta ni mimi niliyewafungulia wezi?

Nikajidanganya vizuri sana. Nikajiambia mgeni anakuja, na kwetu Wahaya mgeni hakuti nyumba chafu. Mama yangu alikuwa anafagia mpaka uani. Na humo ndani ya kompyuta kulikuwa na uchafu, sikatai, hata sauti nilizorekodi nikimsengenya mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Basi nikampigia fundi wa mtaani. "Njoo upige window."

Yaani aifute kompyuta na kuiwekea Windows upya. Hapa kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Kompyuta ikiwa nzito, piga window. Ikiingia virusi, piga window.

Fundi akauliza, "Nikuhifadhie mafaili?"

"Futa yote," nikasema. Nilisimama pale pale mpaka akamaliza, nikamshukuru.

Jumatatu mchunguzi akafika na begi lake. Akaketi, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Mama, nani kapiga window hapa?"

"Ni mimi. Nilitaka ukute pasafi."

"Ungeniachia huo uchafu! Uchafu ndio kazi yangu!" Kijana wa watu alishika kichwa. "Ajali ikitokea barabarani, mnaondoa gari na kuosha lami kabla trafiki hajapima?"

Akanieleza, na kila neno lilikuwa kofi. Kwamba kompyuta inaandika nani ameingia na saa ngapi, flashi gani imechomekwa, ujumbe upi ulileta mdudu, faili lipi lilitoka na kwenda wapi. Kwamba yeye hagusi hata kilichomo kwenye kompyuta yenyewe, anachukua nakala kamili na kupekua nakala, ili hata mahakamani mtu asiseme amechezea. Siku mbili alijaribu kuokota kilichobaki. Akapata vipande vya picha za harusi ya mdogo wangu, basi.

Simu ya Zuhura aliikuta haina kitu cha kumtia hatiani. Mjini wakasema, "Si kafuta!"

Zuhura aliniangalia, akasema tu, "Mama, nilikuomba kitu kimoja." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nilikwenda Kishanda mwenyewe. Nikasimama mbele ya wakulima nikawaambia kuhusu ule ujumbe, kwamba huenda ni mimi niliyefungua mlango. Najua mnafikiri hapo nilitua mzigo. Thubutu! Ta Rwegasira aliniambia kwa upole kabisa, "Unamfunika mtoto. Una roho nzuri. Lakini ushahidi uko wapi?" Nimekiri kosa langu kwa kinywa changu, na hakuna aliyekubali kulipokea! Wameacha kutuuzia, wanataka jina la Zuhura lipelekwe polisi.

Ofisi za hapa mjini hazimtaki. Amekwenda kisiwani Goziba, anauza duka la mtu katikati ya kambi za wavuvi. Binti aliyekuwa anazungumza na wanunuzi wa nje kwa Kiingereza kilichonyooka anapima sukari na betri za tochi.

Mwezi uliopita alipata tumaini la kazi Muleba. Nikamwandikia barua ndefu, kwamba namfahamu, namwamini, hana hatia. Akanipigia.

"Mama, barua wameipenda. Ila wameuliza kama ripoti ya mchunguzi ipo."

Nikasema haipo.

"Haya Mama. Nina wateja." Akakata.

Na sasa niseme lile baya kuliko yote, ambalo hata paroko sijamwambia. Barua ile niliiandika kwa moyo wote. Lakini zipo asubuhi naamka nikijiuliza, na kama kweli ni yeye? Halafu najichukia mpaka chai hainyweki. Ningeweza kujua. Ilikuwa Jumamosi na Jumapili tu, nifunge mlango, nikae na hofu yangu kama mtu mzima. Nilishindwa.

Wenye maduka, wenye vyama vya kahawa, wenye ofisi zenye kompyuta moja kama yangu, nisikilizeni. Mkiingiliwa, msimwite fundi wa kupiga window. Msifagie. Chomoeni intaneti, fungeni mlango, mwiteni anayejua kupekua, na midomo ifungwe mpaka amalize. Hasira yako si ushahidi, na huruma yako si ushahidi.

Na ukihisi kwamba atakayekutwa humo ndani ni wewe, hapo ndipo usiguse kabisa.