Mraba wa Masizi

Nauza marumaru Makambako, karibu na njia panda, pale malori ya Zambia yanapopinda, na kwa miaka mingi aibu yangu kubwa ilikuwa jiko la mama yangu. Kuta zake zilikuwa nyeusi kuliko kitako cha sufuria. Mimi ninayepamba mabafu ya watu nisiowajua, mama yangu mwenyewe anapikia gizani! Nikamwambia nitamletea fundi, nitamletea marumaru nyeupe, nitamletea na gesi. Akasema gesi inalipuka na marumaru zinateleza. Nikamuuliza ukuta utamtelezesha nani. Akaniambia nile, ugali unapoa.

Si kwamba nyumbani kwetu Yakobi tulikosa vituko vingine. Tulikuwa na picha ya baba.

Baba alikuwa bwana miti. Serikali ilimpeleka Urusi kusomea misitu, enzi zile nchi hiyo ingali na jina refu, akakaa huko mpaka akazoea chai bila maziwa. Aliporudi hakuleta redio wala cherehani kama wenzake. Alileta koti zito na habari za mchoraji mmoja wa huko, aliyekwisha kufa zamani. Watu wakampachika jina la Mrusi, nalo likamganda. Baridi ya Juni ikitutoa machozi, yeye anapita na shati moja, anasema hii si baridi, hii ni salamu tu.

Picha aliichora mwenyewe. Ubao wa plaiwudi, chokaa pembeni kote, katikati mraba mweusi. Basi. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, na bwana miti mzima picha yake haina hata mti. Tena hakuitundika ukutani kama watu wengine. Aliiweka konani, juu kabisa, karibu na dari, imekatiza kuta mbili na kuinama kidogo, ikituchungulia tunavyokula. Alisema mchoraji yule ndivyo alivyoitundika ya kwake, kwa sababu wakulima wa Kirusi huweka picha za watakatifu kwenye kona ya namna hiyo. Sisi Walutheri hatukuwa na watakatifu wa kutundika, tukatundika giza.

Mama hakuipenda. Wageni waliingia, wakanyanyua macho, wakashusha sauti na kuuliza nani ametutoka. Alipochoka kueleza kwamba hatujafiwa, alifuma kitambaa cheupe cha maua maua akaifunika. Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, watu waliona kitu cha mraba juu konani kimefunikwa kitambaa, wakajua tumenunua runinga, zile za betri ya gari, na tunaikinga vumbi. Siku hiyo walisali haraka haraka. Halafu wakabaki wamekaa. Chai imekwisha, maandazi yamekwisha, hakuna anayeaga. Mwishowe mzee wa kanisa akasafisha koo.

"Mrusi," akasema, "tuwashie basi, japo taarifa ya habari."

Baba akapanda juu ya kiti, akafunua kitambaa. Alicheka peke yake, akacheka mpaka akashikilia ukuta. Mama hakusema naye siku nzima iliyofuata.

Habari za mchoraji tulizipata jikoni, tukiota moto. Mama anasonga ugali, baba yuko kwenye kigoda, mimi nimejibanza ubavuni mwa koti lake. Alisema mtu huyo alikulia vijijini, kati ya wakulima waliopamba kuta na majiko yao kwa mikono, na huko ndiko alikojifunza kupenda rangi. Akaenda mjini, akachora vitu vingi, kisha siku moja akafuta kila kitu akabakiza mraba mweusi juu ya weupe. Wenzake wengine walimcheka, wengine wakamfuata. Baadaye wakubwa wa nchi yake wakachoka na picha zisizoonyesha mtu anafanya kazi. Za kwake zikafungiwa stoo miaka mingi, naye akafungiwa kwa muda. Alipotoka akarudi kuchora wakulima, wamesimama mashambani na nguo za rangi kali, nyuso zao tupu, hazina macho wala midomo.

"Kwa nini hazina?" niliuliza.

"Labda alikuwa amewasahau," baba akasema. "Mtu akikaa mbali sana husahau nyuso."

Mama aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Huyo mwenzako angepewa jembe," alisema, "angekumbuka."

Hivyo ndivyo alivyomwita mchoraji: mwenzako. Jioni baba alipokaa sebuleni, kichwa kimeegemea kiti na macho yako konani, mama alisimama mlangoni na kumuuliza, "Umeshamaliza kumtazama mwenzako? Chakula tayari." Aliuliza kwa utani, lakini mtoto wa kike huijua sauti ya mama yake. Alikuwa na wivu. Huyo mwenzake angekuwa mwanamke wa Kirusi, mama angejua la kufanya. Utamfanya nini mraba?

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba anaona nini pale. Hakuchukua muda kujibu. Alisema kule Urusi theluji ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma, na siku alipoingia jumba la picha akaukuta ule weusi katikati ya weupe, alisimama kama amepigwa. Aliona mlango wa jiko la mama yake, hapa hapa Yakobi. Alilia mbele ya watu.

"Na hapa Yakobi unaona nini?"

"Hapa naona kule."

Nilikasirika. Niliona mama ameolewa na mtu ambaye kila alipo hayupo. Sasa hayupo kweli, na kila akiingia dukani mtu mrefu aliyevaa koti zito, moyo unaruka kabla akili haijaukataza. Natamani kumwona baba yangu. Natamani kumwona hata akiwa amekaa pale na hayupo.

Kitu kimoja alikirudia kuliko vyote. Mchoraji yule alizikwa shambani, karibu na mti mkubwa wa mwaloni, na juu ya kaburi wakaweka boksi jeupe lenye mraba mweusi. Vita vikapita hapo. Boksi likapotea, mti ukapotea, na mahali penyewe hapakujulikana tena. Baba alipokuwa mwanafunzi alipanda treni siku ya mapumziko akaenda kupatafuta. Alijiambia yeye ni mtu wa misitu, hata kisiki atakitambua. Akazunguka shamba zima asione kisiki. Wanawake waliokuwa wanachimba viazi walimuuliza amepoteza nini, naye Kirusi chake hakikutosha kueleza. Wakamjazia viazi mifukoni wakamwonyesha njia ya stesheni.

Ndiyo maana hakikunishangaza alichoniomba. Ilikuwa mwaka juzi, msimu wa kupanda viazi, amekwisha kukonda na koti limekuwa kubwa kwake. Mama alikuwa kisimani. Baba aliniomba kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Alitaka kaburi lake liwe boksi jeupe lenye mraba mweusi. La mwenzake lilipotea, akasema, basi walau moja liwepo mahali fulani duniani, hata kama ni Yakobi.

"Nitakuwekea, baba," nikamwambia. Muuza marumaru angesema nini kingine?

Tulimzika. Ulipokaribia wakati wa kujengea kaburi, nikamweleza mama.

"Hapana," akasema.

Nilidhani hajanisikia vizuri. Nikaeleza tena, na boksi, na mraba.

"Nimekula chini ya hicho kitu tangu nilipoolewa. Leo nikakitazame na makaburini?"

Nilimwambia ni ombi la marehemu. Akasema marehemu alikuwa na maombi mengi. Nilimwambia ana kichwa kigumu, akaniuliza nimekirithi wapi cha kwangu. Mzee wa kanisa naye, yule yule wa taarifa ya habari, alisema yeye anachotaka ni msalaba kichwani, mengine tujuane wenyewe. Nikaamua. Nilikuwa nimeahidi, na sikuwa tayari baba apotee mara ya pili kwa sababu ya wivu wa mama juu ya plaiwudi. Nikapakia marumaru nyeupe kwenye gari, na moja nyeusi, ile bora kuliko zote dukani, nikaja na fundi kutoka Makambako.

Mama alikuja makaburini amejifunga khanga, akasimama pembeni. Fundi alibandika nyeupe kila upande, akaacha tundu la mraba katikati juu. Nikatoa ile nyeusi kwenye katoni yake. Mama akanyoosha mkono, nikampa. Akaifuta kwa ncha ya khanga. Ilikuwa inang'aa mpaka mawingu yalionekana ndani yake, na chini ya mawingu sura ya mama, imezeeka.

"Kwenye hii naona uso wangu," akasema. "Ya baba yako haikuwa na uso wa mtu."

Akaiweka chini kwenye nyasi na kuondoka kuelekea nyumbani. Nikajua nimemuudhi kabisa. Fundi akaniuliza aendelee au angoje. Nikamwambia angoje, kwa sauti ya ukali ambayo hakustahili.

Mama alirudi na kopo la rangi la zamani. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na khanga imeharibika. Ndani ya kopo kulikuwa na masizi, yametoka kukwanguliwa.

"Unafikiri ile rangi aliitoa Urusi?" akaniuliza. "Ndoa ina siku chache tu, akaniambia, mke wangu, nikwangulie masizi jikoni kwa mama. Nikajua nimeolewa na kichaa. Nikakwangua. Akayachanganya na gundi ya mbao, akapaka ubao wake. Jumapili nikaenda kanisani kucha zangu nyeusi, wanawake wananitazama. Ule weusi ni wangu mimi."

Nikalipokea kopo kutoka mkononi mwake.

"Mara ya kwanza aliniomba mimi," akasema. "Mara ya mwisho akakuomba wewe."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamchoma, nami nilikuwa nimebeba ombi hilo mwaka mzima kama zawadi. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa kisimani siku ile, lakini hata mimi nilijua kwamba angeweza kungojewa. Baba angeweza kungoja.

Fundi alichanganya masizi na simenti, akajaza tundu. Mama akamwondoa, akapiga magoti, akasawazisha kwa kiganja chake, taratibu, mpaka kwenye pembe zote nne. Mraba ulipokauka haukung'aa hata kidogo. Ile marumaru niliirudisha dukani, ipo mpaka leo.

Kitambaa cha maua maua alichokuwa akikirudisha kila wageni walipokuja, mama alikitoa siku ile ile, akakifua, akakikunja kabatini. Sasa jioni anakaa kwenye kiti cha baba, na macho yako konani. Nikifika Jumamosi humchokoza, "Mama, umeshamaliza kumtazama mwenzako?"

"Bado," husema.

Mvua za masika zilipausha mraba wa kaburini ukawa wa kijivu, ikabidi turudie. Ndipo nilipokiona kilichokuwa mbele yetu: kila masika mraba utadai masizi mapya. Mama kifua kimemzidi, daktari amemkataza moshi, na gesi niliyomsumbua nayo miaka yote hatimaye ameikubali. Anapikia barazani. Jiko la zamani limepoa, na ukuta alioukwangua hauoti weusi mwingine.

Jumamosi iliyopita nilifunga duka mapema nikaenda Yakobi. Sikumwambia mama kitu. Niliingia jikoni, nikawasha kuni kati ya mafiga, nikakaa kwenye kigoda cha baba. Sikuweka sufuria. Moshi ulipanda, ukaninyima pumzi, machozi yakanitoka, na sikujisumbua kuyatenganisha ya moshi na mengine.

Mama akaja akasimama mbali kidogo na mlango, khanga imeziba pua.

"Unapika nini humo?"

"Sipiki kitu, mama."

Alitazama moto, akatazama ukuta nyuma yangu.

"Tia na kuni mbichi," akasema. "Kavu hazina moshi. Masizi yawe ya kutosha kaburi la baba yako, na la kwangu."

Nikatia mbichi. Nilikohoa sana, nikaongeza nyingine.