Pilipili Katika Stoo ya Pembejeo

Siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, Afisa Kilimo wa Wilaya hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kisigino kifupi. Dada yangu aliniazima nilipoondoka Singida ili nisije nikaaibika mjini Morogoro.

"Bibi Shamba," alisema, "hapa tuna wakulima wa tambarare na wakulima wa mlimani. Kwa viatu hivi nikupeleke kwa nani?"

Nikamjibu kwamba nina raba kwenye begi. Akacheka, akaagiza niletewe chai, na ndivyo nilivyoanza kazi ya ugani, yaani kuzunguka mashambani kuwafundisha watu kilimo. Enzi hizo kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Mbegu, mbolea, dawa na ushauri vyote vilipita mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wetu.

Alinipeleka kwanza tambarare, upande wa Kingolwira, chini ya Mkuu wa Kituo mmoja mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya pama hata akiwa ofisini. Bwana huyo hakupenda maneno mengi. Siku moja aling'oa mnyanya ulionyauka, akakata kipande cha shina karibu na mizizi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi na kuniambia nitazame. Muda si mrefu uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, kama tone la maziwa linapoingia majini.

"Mmea ukinyauka mchana na jioni ukainuka, una kiu," alisema. "Ukinyauka ungali kijani na usiinuke hata ukiumwagilia, fanya hivi. Ukiona maziwa hayo, ni mnyauko wa bakteria. Hapo usimwuzie mkulima matumaini ya dawa. Dawa hakuna."

Alinieleza kwamba vijidudu vya ugonjwa huo havionekani kwa macho, hukaa udongoni miaka mingi, na husafiri kwa maji, kwa jembe na hata kwa udongo ulioshika kwenye nyayo. Huua nyanya, pilipili, bilinganya na viazi, kwa kuwa mimea hiyo ni ndugu. Nilijifunza mengine mengi kwake, ila hilo ndilo lililokuja kunifaa kuliko yote.

Kutoka hapo nilihamishiwa Matombo, kwenye ndizi na viungo. Huko niliwafundisha watu kukausha pilipili manga juu ya mikeka badala ya kuianika chini, nao wakanifundisha kula ndizi kwa kila namna. Nisingeondoka kwa hiari. Lakini Afisa Kilimo wa Wilaya alisema Mgeta hakuna mtu, basi nikafunga begi na kupanda mlima.

Nyumba niliyopewa Mgeta ilikuwa imeunganishwa na stoo ya pembejeo. Zamani chama cha ushirika kilishushia humo mbolea na dawa za mazao, na mkulima alikuja kuchukua kilicho chake. Nilipofika, stoo ilikuwa tupu. Lilikuwa limebaki vumbi la mbolea kwenye nyufa za sakafu na harufu ya dawa iliyokwisha zamani. Soko huria lilikuwa limeingia. Ushirika ulikuwa umelala, maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini, na wanunuzi wenye malori walikuwa wanasimama barabarani kuchukua mboga za kupeleka Dar es Salaam. Walichokuwa wanakitafuta zaidi kilikuwa pilipili mbuzi, ile fupi ya mviringo yenye harufu nzuri na ukali wa kutoa machozi. Watu walipanda pilipili kwenye ngazi zote za mteremko, hata pale palipokuwa na kabichi na viazi.

Aliyekuwa na pilipili bora kuliko wote ni Bi Skola, mjane wa makamo aliyeishi chini kidogo ya nyumba yangu. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake, naye mama kwa bibi. Tunda lake lilikuwa na umbo la taa ndogo na lilistahimili safari ya lori bila kulainika. Wanunuzi walilijua. Madukani mbegu ile haikuwepo. Kulikuwa na pakiti zenye picha nzuri, ila ndani yake kulikuwa na pilipili za kwingine.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa alikuja kunigongea. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Njoo uone, mwanangu," alisema. "Zimelala."

Shamba lake la bondeni lilikuwa limelala kweli, kijani kibichi, kama nguo zilizoanuliwa na kutupwa chini. Nilikata shina moja, nikaliweka kwenye glasi. Maziwa yakashuka. Bi Skola alitazama glasi ile, kisha akanitazama mimi akisubiri jina la dawa.

"Bi Skola," nilimwambia, "tung'oe zote, tuchome. Na shamba hili usilipande tena pilipili, wala nyanya, wala viazi. Panda mahindi na maharage."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Alikaa juu ya jiwe. Nilidhani atalia. Badala yake akauliza, "Na hizi tunazozing'oa, mbegu yake nitaitoa wapi?"

Tulirudi kwake. Juu ya mafiga, kwenye moshi, kulikuwa na kikapu kidogo chenye matunda makavu ya mavuno ya zamani. Yalikuwa konzi moja tu. Hizo ndizo pilipili zote zilizobaki duniani za mama yake.

Kuzisia nje ilikuwa hatari. Maji ya mvua yalikuwa yanateremka kutoka ngazi hadi ngazi yakibeba ugonjwa, na tena msimu wa baridi ulikuwa unakaribia, na mbegu ya pilipili haioti kwenye udongo wa baridi. Ndipo nilipoifikiria stoo.

Nilipaka kuta zake chokaa ili zirudishe mwanga. Tulichukua udongo wa juu kabisa, pembeni mwa msitu, ambapo hapajawahi kulimwa, tukauchoma juu ya bati kwa moto wa kuni mpaka ukafuka mvuke, maana joto huua vijidudu. Tulijaza makopo yaliyotobolewa chini. Mbegu tuliziosha kwa maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo nyeupe, tukazisuuza na kuzisia nusu yake. Makopo tuliyaweka karibu na ukuta wa jiko langu, kwenye joto. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuingia na viatu wala jembe kutoka shambani. Bi Skola alikuwa ananawa miguu mlangoni kama mtu anayeingia kusali.

Ziliota vizuri. Halafu, zikiwa na majani mawili ya kwanza tu, zilianza kuanguka. Shina lilikuwa linaoza pale linapotoka udongoni, mche unalala. Huo ni ugonjwa mwingine, wa ukungu, unaopenda unyevu na hewa iliyotuama. Tulikuwa tumefunga dirisha kwa kuogopa baridi na kumwagilia kwa kuogopa kiu. Zikafa zote.

Siku ile Bi Skola alienda nyumbani, akarudi na ile nusu iliyobaki, akaiweka mezani kwangu.

"Ukiogopa, nizirudishe kwenye moshi," alisema. "Ila huko nazo zinazeeka."

Niliogopa. Tukasia hivyo hivyo. Safari hii dirisha lilifunguliwa kila jua lilipotoka, maji yalimwagwa pale tu udongo ulipokauka juu, na makopo yalizungushwa kila siku kwa sababu mche uliokosa mwanga hurefuka, hukonda, na kuinama upande mmoja. Nilianza kulala vibaya. Nikisikia paka juu ya bati, nilidhani ni miche inaanguka. Lakini miche ilisimama. Ikatoa majani, ikahamia kwenye ndoo mbovu na masufuria yaliyotoboka ya kijiji kizima, na ilipochanua humo ndani, ambamo nyuki hawafiki, tuliyagonga maua taratibu kwa kidole ili poleni idondoke. Tunda la kwanza lilipoanza kujikunja umbo lake la taa, Bi Skola alilishika kwa chini bila kulichuma, akakaa nalo hivyo muda mrefu.

Kipindi hicho hicho Afisa Kilimo wa Wilaya alipanda mlima. Alisimama mlangoni mwa stoo, akatazama.

"Bibi Shamba, stoo ya serikali umeigeuza bustani?"

"Ni kitalu, mzee."

"Naona. Na ni kizuri." Aliingia, akavua viatu bila kuambiwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini stoo imekodishwa. Kuna mfanyabiashara wa pembejeo anaichukua mwisho wa mwezi. Na mtaanza kusikia habari za kupunguza wafanyakazi. Sitaki uje kuzisikia njiani."

Tulikuwa na mimea mizuri na hatuna pa kuipeleka. Shamba la bondeni lilikuwa na ugonjwa. Lililokuwa salama ni eneo la juu, ardhi ya ukoo iliyopumzishwa miaka mingi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wa ukoo alikuwa mjomba wa Bi Skola, Mzee Mkude. Tayari alikuwa amekataa mara moja.

Tulimfuata tena, nikiwa nimebeba ndoo moja yenye mche. Alitupokea vizuri, akatukaribisha vigoda, lakini jibu lake halikubadilika.

"Mpwa wangu, sikunyimi kwa roho mbaya," alimwambia Bi Skola. "Huko juu ndiko maji yanakoanzia. Ugonjwa ukifika huko, utateremka kwa kila mtu. Nitawaambia nini watoto wa dada zangu?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Nikaomba glasi mbili za maji. Katika ya kwanza nilitia shina la pilipili iliyonyauka kwa jirani wa bondeni. Uzi mweupe ukashuka, naye akausogelea mpaka pua ikakaribia glasi. Kisha nikaung'oa mche wetu kwenye ndoo. Ulikuwa na matunda. Bi Skola aligeuza uso. Nilikata shina na kulitia katika glasi ya pili.

Tulikaa. Mzee Mkude hakutaka kuharakishwa. Kuku walipita, jua likahama ukutani, na maji ya glasi ya pili yakabaki safi kama yalivyotoka mtungini, bila uzi wala wingu. Mwishowe aliichukua, akaiinua kwenye mwanga.

"Pandeni," alisema. "Lakini mtu wa bondeni asije huko na jembe lake."

Wanawake wa jirani walibeba ndoo vichwani siku ya kuhama, mstari mzima juu ya njia nyembamba, na kila mmoja alinawa miguu kwenye kijito kabla ya kuvuka. Miche michache ilikufa kwa baridi. Mingi ilishika. Mavuno yaliyofuata, wanunuzi waliwauliza watu barabarani pilipili ile ya zamani imerudi kutoka wapi.

Mimi nilipunguzwa kazini kabla ya mavuno hayo, na aliyenipunguza naye akapunguzwa baadaye. Nilipokuwa nafunga mizigo, Bi Skola alikuja akaketi juu ya sanduku langu.

"Serikali imekuachisha kazi," alisema. "Sisi hatujakuachisha."

Nilibaki. Walinipa chumba, nikaendelea kuotesha miche humo ndani kwa yeyote aliyeihitaji, nao walinilisha na kunilipa walivyoweza, mpaka magoti yalipokataa mlima nikashuka mjini kupumzika. Watu hunisifu kwamba niliuponya mlima. Si kweli. Udongo wa bondeni sikuuponya. Miaka mingi baadaye nilijaribu kupanda mche mmoja kule, ukanyauka ungali kijani. Kazi yangu ilinifundisha kwamba kuna uharibifu usiorudi nyuma, na kwamba mtu anaweza kuukubali bila kukata tamaa na kilichobaki. Sikulielewa hilo chuoni, na sidhani kama linafundishika chuoni.

Mwaka jana mjukuu wa Bi Skola alinipandisha kwa pikipiki kwenda kumwona. Sasa ni bibi kizee, anatembelea fimbo, masikio mazima. Tulikaa tukitazama bonde lake, mahindi na maharage yamesongamana.

"Hilo shamba limestaafu kama wewe," aliniambia.

"Lilipewa kiinua mgongo?"

"Limepewa maharage," alisema. "Wewe ulipewa nini?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi, halafu akaniita ndani tukale.