Karatasi ya Inspekta na Paa la Matete

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ujenzi mjini Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bwana Inspekta hakunipa nyundo. Alinipa kipande cha karatasi.

"Shika ncha yake karibu na mdomo, binti, iache ining'inie. Sasa puliza juu yake."

Nikapuliza. Karatasi, badala ya kulala, ikainuka. Inspekta akacheka kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuiona, ingawa baadaye nilijua kila mfanyakazi mpya alipulizishwa vivyo hivyo.

"Hiyo ni lift," akasema.

Si ile ya kuomba barabarani, vijana wangu. Katika Kiingereza cha watu wa ndege, lift ni nguvu ya hewa inayonyanyua bawa. Hewa ikipita mbio juu yake, msukumo wa juu hupungua, na ule wa chini hushinda. "Na paa," Inspekta aliongeza, "ni bawa ambalo halikuomba kuruka."

Sisi wa mabati tulilitumia neno hilo kila siku. Inspekta akikagua kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa, swali lake lilikuwa moja: "Lift ikija, nani atazishika?" Jibu lilikuwa mkanda wa chuma, unaojengewa ndani ya ukuta kisha ukakumbatia mbao.

Kazi ya kwanza niliyosimamia peke yangu ilikuwa wodi ya kina mama kule Matete. Nilikuwa mwanamke pekee ofisini, na wenzangu walingoja niharibu nipelekwe kukaa stoo. Nilipofika, mafundi walikuwa wamemaliza ukuta bila mkanda hata mmoja. Nikaamuru safu za juu zibomolewe. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka hapo jirani, akanijia juu.

"Madam, mvua iko hapa tu, na wewe unabomoa! Upepo inasukumanga. Weka mawe juu ya mabati, maneno iishe."

Nikatoa karatasi. Kamati nzima ikapuliza, wazee wamevimbisha mashavu, wakicheka hadi machozi. Mwenyekiti akapuliza, akanirudishia.

"Hii ni karatasi," akasema. "Mabati ni mabati."

Aliyeniokoa ni muuguzi ambaye angefanya kazi katika wodi hiyo. Alisema hatazalisha mtu chini ya mawe, basi ukuta ukabomolewa.

Wodi ilikuwa imeanza kutumika, nami nimerudi kuikagua, dhoruba ilipoingia alasiri moja. Ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu. Mbao zililia. Niliogopa, sifichi, nilishika fremu ya mlango kana kwamba mimi ndimi mkanda. Paa halikwenda kokote. Mtoto alilia kabla mvua haijakatika.

Tulipotoka, tuliyaona mabati ya duka la mwenyekiti katika shamba la mahindi. Mawe aliyoyapanga juu yake yalikuwa yameangukia ndani, kwenye magunia ya sukari. Mwenyewe akaja ameloa chapachapa, kofia mkononi.

"Madam," akasema, "ile karatasi uko nayo bado? Kuja nayo kwangu."

Baadaye nilihamishiwa Mumias, kisha Chekalini, chini ya wakuu wa kila aina, na wafanyakazi wapya wote niliwapulizisha. Sasa nimestaafu hapa Khayega, katika nyumba niliyoiezeka mwenyewe. Upepo wa alasiri ukija, mbao zangu hulia kidogo. Zamani ningekimbilia mlangoni. Siku hizi naongeza chai kikombeni.

"Nyanyua tu," nauambia, "ukiweza."