Simbilisi Aliyekuja Akiitwa

Mama alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, alinipigia simu akiwa bado uwanja wa ndege. "Mdogo wako mtafutie mnyama," akasema. "Awe na kitu cha kushika."

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano na alikuwa ameanza kulala na pindo la kitenge cha mama mdomoni. Mimi nasoma sekondari, na darasani kazi yangu inayojulikana ni kuchekesha watu hadi mwalimu anitoe nje. Kwa nini mtu mwenye akili zake alinikabidhi mimi jambo kama hilo, mpaka leo sijui.

Tunaishi kambi ya polisi Kasese, ndani ya kibanda cha bati cha mviringo. Saa saba mchana yai linaweza kuiva humo bila sufuria. Baba, ambaye ni polisi, nilimweleza akiwa anavua buti.

"Hapa mbwa hapana," akasema. "Mbwa akiuma mtoto wa bosi, nani ataandika maelezo?"

Basi nikafikiri. Mtihani wowote sijawahi kuufikiria hivyo. Paka wa kambini ni wa yule anayekaanga samaki. Leo wako, kesho wa jirani, na hana aibu. Kuku huzaliwa tayari amehukumiwa, anangoja mgeni tu afike. Sungura ukimtazama vibaya anakufa. Mdogo wangu mwenyewe alitaka tembo, kwa sababu tulimwona mmoja karibu na Kikorongo akila kando ya barabara bila kusalimia mtu. Nikamwambia ombi la tembo limeshapelekwa, linangoja sahihi. Akaitikia kwa kichwa kama mzee wa kamati.

Ndivyo alivyokuwa. Kila nilichosema aliamini. Siku mama alipoondoka, mdogo wangu alilia mpaka akatapika, na baba akakaa nje akijifanya anapiga viatu rangi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ndege iliyompeleka mama ndiyo itakayomrudisha, na kwamba mama amesema hivyo. Hakusema hivyo. Lakini mtoto alinyamaza palepale, akaomba chai.

Likizo ilipofika tulipelekwa Bwera kwa bibi, mama yake mama. Siku ya soko tukashuka Mpondwe, kwenye mto wa mpaka wa Kongo, mimi na mdogo wangu, na hapo ndipo nikamwona simbilisi, jamaa wa panya anayefugwa, kwenye kikapu cha mama mmoja wa Kongo: mviringo kama andazi, hana mkia, masharubu kama ya baba. Nikajua nimepata. Habweki, hapandi juu ya meza, hamuumi mtoto wa bosi.

"Chukua hii, mutoto," mama yule akasema. "Haiko na kelele. Inakula majani tu."

Nikamuuliza kama anaishi miaka mingi.

Akanitazama kidogo. "Hiyo inategemea muko wangapi kwenu."

Nikacheka sana. Mtu anayetania kila siku hamtambui mtu asiyetania.

Mdogo wangu akamwita Afande, kwa sababu ya yale masharubu. Njia nzima ya kurudi alimbeba ndani ya shati, na usiku ule kitenge kilibaki kimekunjwa. Nikajiona daktari.

Kosa nililifanya siku hiyo hiyo. Bibi, kama wanawake wengi wa huko, hufuga simbilisi jikoni. Wanazunguka miguuni pake chini ya rafu, wanakula maganda ya viazi na kupiga miluzi. Nikasema Afande naye akae nao, asije akawa mpweke mpaka tutakaporudi Kasese. Nikamfunga uzi mwekundu mguuni. Kisha nikamfundisha mdogo wangu kumwita: unagonga sahani kwa kijiko mara tatu, unaweka jani. Siku ya nne Afande alikuwa anakuja mbio, kifua mbele. Wale wa bibi hawakusogea. Wao walikuwa wanakijua kile kijiko.

Juma la pili mdogo wangu akashikwa na malaria. Zahanati walimpa dawa, homa ikashuka, lakini hakutaka kula. Alikaa mlangoni kwa bibi, shingo nyembamba kama ya ndege. Bibi akaniita.

"Kamata mmoja wa mchuzi wa mtoto."

Kumkamata simbilisi jikoni si mchezo. Unafunga mlango, unaweka kikapu kwenye kona, unafukuza kwa ufagio ndani ya moshi mpaka macho yanatoka. Mimi nilikuwa na uvivu wangu. Nikachukua sahani, nikagonga mara tatu. Nikasema kwa sauti ya mhudumu wa hoteli, "Wageni wapendwa, chakula kiko tayari," bibi akacheka huko nje.

Akaja mmoja.

Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na giza, na kweli kulikuwa na giza. Lakini kidole changu kiligusa kitu chembamba mguuni, na nikajiambia ni unyasi. Mkono wa bibi ulikuwa tayari mlangoni. Nikampa.

Uzi niliuona baadaye kwenye jani la mgomba, pamoja na manyoya. Nikautia mfukoni. Nilipomwambia bibi, hakukasirika wala hakusikitika, alishangaa tu.

"Si alikuwa wa mtoto? Na mchuzi si wa mtoto? Sasa wewe ulimnunulia wa nini?"

Mdogo wangu alikunywa mchuzi wote, akalamba bakuli, akaomba mwingine. Kesho yake akasimama. Akachukua sahani na kijiko, akaenda jikoni, akagonga.

"Amevuka mto amerudi Kongo," nikamwambia. "Ameitwa kazini. Afande hawezi kukataa amri."

"Atarudi?"

"Atarudi. Amesema."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka kijiko chini.

Tukarudi Kasese. Jumamosi yake nilikuwa nafua nguo nje ya kibanda, na yeye alikuwa na kazi ya kutoa vitu mifukoni, kazi anayoipenda. Alitoa kalamu, akatoa karatasi ya peremende. Akatoa uzi. Aliushika kwa vidole viwili, ulikuwa na fundo langu bado, na sehemu moja ilikuwa imekauka nyeusi. Nilingoja alie. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, niseme Afande ameacha sare yake. Haukutoka.

Aliuweka juu ya jiwe pamoja na kalamu, akaendelea na suruali ya baba.

Jioni mama alipiga simu. Nikaongea naye kwanza, kisha nikamwambia mdogo wangu kama ninavyomwambia kila juma: "Mama anasema atakuja."

Zamani angeruka. Safari hii alininyang'anya simu, akanipa mgongo, akaishikilia kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "yeye anasema utakuja. Sema wewe."